Unaingia rumba, unatoka ndombolo

Karibu na soko kuu la Kisangani, chini ya mwavuli uliochakaa wa kampuni ya simu, kijana mmoja ameweka meza, ordinateri ya zamani na fungu la nyaya. Kazi yake ni kuingiza nyimbo. Unampa flashi au kadi ya simu, unamwambia unachotaka, unalipa faranga zako, unaondoka na nyimbo mia. Nilichungulia kioo chake. Folda zimeandikwa Matanga, Harusi, Kanisa, Wazee, Nganda, Bongo, Naija. Rumba hamna. Nilipouliza iko wapi, alinitazama kama mtu aliyeuliza chumvi imekaa upande gani wa mchuzi.

Jioni hiyohiyo nilinunua mega za intaneti, nikafungua programu ya muziki kwenye simu, nikachagua Koffi Olomide wa miaka ya 1990. Wimbo ulipoisha, programu ikaniletea Mnaijeria, kisha amapiano ya Afrika Kusini, kisha Mnaijeria mwingine. Juu ya orodha pameandikwa Afrobeats. Koffi kazaliwa hapahapa mjini, mwaka 1956, mji ungali Stanleyville. Muziki wake kaupa jina mwenyewe, tcha tcho, na Wakongo wakalipokea bila kuacha kuuita rumba. Lagos imeingiaje?

Ugumu upo, nakiri. Wimbo wetu haukai na jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Unaanza taratibu, waimbaji wanapokezana, mapenzi yanalalamikiwa kwa utulivu, watu wameketi na chupa zao. Halafu gitaa la solo linachomoka, ngoma inageuka, atalaku, mchangamshaji wa bendi, anapaza sauti na kutupa mabanga, majina ya waliotoa pesa ili watajwe. Hiyo ndiyo seben, na viti vinasukumwa nyuma. Umeingia rumba, umetoka ndombolo, na wimbo ni uleule, dakika nane au tisa. Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa zikipita sekunde 30. Kwa wimbo kama huo, sekunde 30 mara nyingi mwimbaji bado hajafungua kinywa.

Lakini tusiitwishe mashine inayopanga nyimbo dhambi zote. Jina rumba lenyewe tulibandikiwa na wauza santuri. Kuanzia 1933, kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilitoa santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa muziki wa Cuba, nazo zikasambaa Afrika. Sehemu kubwa ya muziki ule kwao Cuba iliitwa son. Wauzaji waliona neno rumba linauzika, wakalichapa kwenye lebo. Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakasoma lebo, wakashika magitaa. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO ikaiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Kosa la lebo limekuwa urithi, nami nimelishangilia kama wengine.

Tangu hapo kila anayetusikia kwa mbali hutupa jina lake. Paris na London husema soukous. Nairobi husema Lingala, jina la lugha. Dar es Salaam, bolingo. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, majirani zetu wa juu ya mto, aliingia Tanzania mwaka 1978 na muziki wake ukawa muziki wa dansi. Mwaka 1989 lebo ya Real World ya Uingereza ilipotoa albamu yake, akapelekwa kwenye rafu ya "muziki wa dunia", jina walilokubaliana wafanyabiashara wa santuri waliokutana kwenye baa moja London mwaka 1987 ili maduka yajue pa kuweka bidhaa zisizo na pa kuwekwa. Mtu yuleyule, gitaa lilelile.

Mashine nayo inataka rafu, ila inaipanga kwa njia yake. Kabla ya sikio ina daftari. Inaandika nani kasikiliza nini baada ya nini, na nyimbo gani watu huziweka kwenye orodha moja, kama muuza mboto anavyojua kwamba mteja wake hataondoka bila pilipili. Majina hayakosekani: Glenn McDonald, aliyefanya kazi hiyo Spotify hadi 2023, alichora ramani yenye majina zaidi ya 6,000 ya aina za muziki. Kinachokosekana ni sisi. Wimbo ukitoka kwenye meza ile ya sokoni, ukaingia kwenye flashi, ukapigwa usiku kucha kwenye nganda, baa ya mtaani kwetu Mangobo, ukavuka mto hadi Lubunga ndani ya simu ya mwanafunzi, daftarini haiandikwi hata nukta. Spotify yenyewe ilifika Kongo mwishoni mwa 2021, na mega si maji ya mto Tshopo. Wanaomwandika Koffi daftarini ni wale wa Paris, Brussels na Nairobi, wanaompiga katikati ya Wanaijeria Burna Boy na Davido. Basi programu ile haikunidanganya. Ilisema kweli, ya watu wengine.

Hata walio na masikio hujikwaa. Mwaka 2023 waandaaji wa Grammy walipotangaza tuzo mpya ya muziki wa Afrika, walitaja aina kadhaa kwa mfano: bongo flava, genge, amapiano, ndombolo, hata kwassa. Rumba haikutajwa. Mlango wa kutokea umepewa jina, wa kuingilia umesahauliwa.

Na wapo wa hapa wanaokataa rafu kwa makusudi. Mwaka 2009 Faustin Linyekula, mcheza dansi mwenye Studios Kabako hapa Kisangani, na mpiga gitaa Flamme Kapaya, aliyetoka kwenye bendi ya Werrason, waliichukua ndombolo wakaitia hasira ya panki katika onyesho lao la "more more more... future". Daftari lingewaweka jirani na nani?

Nilirudi kwa yule kijana kumtafuta "Yope", ule wa Innoss'B wa Goma na Diamond Platnumz wa Dar es Salaam. Ameuweka mara mbili, ndani ya Bongo na ndani ya Harusi. Akaniuliza nachukua upi.