Jiwe la Ujiji na Majina Yasiyoandikwa

Msafiri ashukaye Kigoma, mwisho wa reli iliyofika huko mwaka 1914, akienda kilomita chache upande wa kusini hufika Ujiji, mji mkongwe wa Waislamu kando ya Ziwa Tanganyika. Huko, katika kiwanja chenye miembe, limesimama jiwe la kumbukumbu. Jiwe hilo lamwambia msomaji kwamba chini ya mwembe uliokuwa mahali hapo, Henry Morton Stanley alikutana na Daktari David Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa zamani; iliyopo leo husemwa kuwa ni vizazi vyake.

Hatusemi jiwe hilo lidharauliwe. Lakini mzazi ampelekaye mwanawe mahali hapo hana budi kumweleza na yale ambayo jiwe halikuyasema. Siku ile hawakuwapo watu wawili tu. Karibu na Livingstone walisimama wakubwa wa Kiarabu wa Ujiji, na kabla Stanley hajamwona Livingstone alilakiwa na Susi, mtumishi wake.

Kadhalika, Livingstone asingalikuwa hai siku hiyo lau si wema wa wenyeji wake. Mwanzoni mwa mwaka 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu magharibi ya ziwa, asiweze kutembea. Mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad Bogharib, aliamuru achukuliwe kitandani, akamwuguza, hata akafika Ujiji tarehe 14 Machi. Wema huo Livingstone mwenyewe aliuandika katika daftari zake.

Oktoba 1871 alirudi Ujiji amedhoofika, akakuta mali aliyopelekewa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, aliyeitwa Sharifu. Mtu huyo alidai kwamba alipiga ramli kwa Kurani, akaona Livingstone amekufa. Kufanya hiana katika amana ni dhambi; kukifanya Kitabu cha Mwenyezi Mungu kuwa pazia la hiana ni dhambi juu ya dhambi. Lakini katika mji uleule Said bin Majid alimwendea faraghani, akamwambia kwamba hana bidhaa ila ana pembe, naye yu radhi kuziuza ili ampe bidhaa. Livingstone akajibu kwamba wakati bado. Basi dini ya watu hawa wawili ilikuwa moja, na matendo yao yalikuwa mbalimbali.

Sasa twafikia jambo zito zaidi. Ni nini kilichomrudisha Livingstone Ujiji? Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe ukingoni mwa mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, wakafa mamia. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akageuka nyuma. Tena njia kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, ambayo mwaka 2006 Tanzania iliitaja miongoni mwa mahali inapopendekeza ziwe urithi wa dunia, ilikanyagwa na wapagazi na watumwa wengi. Miongoni mwa waliowauza walikuwamo watu waliosali kama tusalivyo. Kulificha hilo ili kuwasitiri wazee wetu ni kuwadhulumu waliofungwa minyororo. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 135, yatuamuru tutoe ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jiwe la kaburi lake huko London lataja mikono miaminifu iliyomleta, wala halitaji jina hata moja la wenye mikono hiyo.

Enyi vijana, nendeni Ujiji mkalisome jiwe. Kisha kaeni na wazee, muulize ni nani waliojenga mji, ni nani waliobeba mizigo, na ni nani walioletwa kwa nguvu wakazaa watoto tulio nao leo msikitini safu moja. Yaandikeni majina hayo kabla wenye kuyajua hawajaondoka, wala msiliache jina kwa kuwa lilikuwa la mtumwa. Mbele ya Mwenyezi Mungu halikupotea. Lisipotee kwetu pia.