Ipole si Ipuli: herufi za vibao zipimwe kwa majina yetu

Ukitoka Tabora mjini kwenda Sikonge na kuendelea kusini, utafika Ipole. Ipuli nayo ni kata ndani ya Manispaa ya Tabora. Kila jina lina herufi tano, na tofauti yake iko kwenye irabu mbili tu. Gazetini hakuna wa kuyachanganya. Barabarani mambo ni mengine. Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani huhesabu kwamba kila sentimita mbili na nusu za kimo cha herufi husomeka kwa umbali wa mita 9 hivi. Kwa hiyo herufi ya sentimita 20 huanza kusomeka mita kama 70 kabla ya kibao. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita hizo kwa sekunde tatu na kidogo, na katika sekunde hizo anaangalia pia bodaboda, ng'ombe na mashimo. Kinachoamua kama amesoma Ipole au Ipuli ni mdomo wa e umeachwa wazi kiasi gani, na kama u imebanwa juu hadi ikafanana na o. Ndiyo maana nasema herufi za vibao vya magharibi mwa Tanzania zichaguliwe, na ikibidi zichorwe upya, kwa kuyapima majina ya huku. Zisiwe tu fonti yoyote iliyokutwa kwenye kompyuta ya fundi.

Majina ya Unyamwezi na Usukuma yana tabia zake. Mengi huanza na I: Igunga, Igalula, Isikizya na Isaka. Sasa chukua Ilolangulu, iliyoko wilayani Uyui, uiandike kwa Arial, fonti inayokuja na kompyuta nyingi. I kubwa ni mstari uliosimama, na l ndogo inayofuata ni mstari uliosimama pia. Mgeni ataona vijiti viwili vimeanza jina na hatajua kipi ni kipi. Tatizo hili lina dawa ya zamani. Edward Johnston, aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London mwaka 1916, aliipa l ndogo mkia uliopinda chini. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliochora herufi za barabara za Uingereza kuanzia mwaka 1957, waliuweka mkia huohuo katika fonti yao inayoitwa Transport. Ni mkunjo mdogo sana, na kwa Ilolangulu unamaliza ubishi.

Waingereza wana hofu nyingine: r na n zikisogeleana huonekana kama m. Hofu hiyo kwetu haina kazi, kwa sababu katika majina ya Kinyamwezi r haikai mbele ya n. Sisi mzigo wetu uko kwenye irabu, maana karibu kila silabi huishia nazo. Fonti ambayo a na e zake zimefumba midomo inaweza kumsaidia msomaji wa Kiingereza kwa kuwa konsonanti humwokoa. Kwa jina kama Igalula haimwachii msomaji kitu cha kushika. Itazame pia Unyanyembe: n, y, a, n, y zimefuatana, na n ni u iliyopinduliwa. Zikibanwa ili jina lienee kwenye kibao chembamba, kwa mbali unaona uzio wa miti. Halafu kuna Ng'ambo, kata nyingine ya Tabora. Kile kiritongo cha juu ndicho kinachoonyesha jinsi jina linavyotamkwa, lakini katika fonti nyingi ni chembamba kama ukucha na hupotea kabla ya herufi nyingine zote. Fonti ya kwetu ingekipa unene na nafasi ya kutosha.

Wapo watakaosema wenyeji wanajua njia, na asiyejua ana simu. Lakini kibao hakiwekewi mwenyeji. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe na Ujiji ilipitiwa na maelfu ya watu ambao kila mwaka baadhi yao walikuwa wageni, na waliotangulia walikuwa na desturi ya kuziba njia panda isiyofaa kwa matawi ili wa nyuma wasipotee. Alama ile ilisomeka na kila aliyefika. Leo njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, iko kilomita chache tu kutoka mjini. Mgeni wa Kwihara, dereva wa lori la Kigoma na mgonjwa anayetafuta hospitali ya Kitete wote wanastahili kuheshimiwa na kibao. Simu nayo humtaka dereva aondoe macho barabarani.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Marekani kwenyewe. Fonti ya Clearview iliruhusiwa kwenye barabara kuu za huko mwaka 2004. Mwaka 2016 kibali kikafutwa, kwa hoja kwamba nafuu iliyoonekana mwanzoni ilitokana zaidi na karatasi mpya za kuakisi mwanga zilizochukua nafasi ya vibao vilivyochakaa. Kibali kilirudi mwaka 2018, lakini hoja ile inabaki na nguvu: kibao kilichofifia au kujaa vumbi la kiangazi hakiokolewi na herufi nzuri. Nakubali kabisa. Ila siku ya kununua karatasi ndiyo siku ya kuchagua herufi, na kuchagua vizuri hakuongezi gharama. Fonti ya Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na taasisi ya Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya wenye uoni hafifu, hutenganisha wazi I, l na 1, nayo ni ya bure. Haikutengenezwa kwa ajili ya barabara, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia majaribio.

Wengine watasema tuandike kwa herufi kubwa tupu, na ILOLANGULU haitachanganya mtu. Kweli, na hata katika jaribio la vibao vya barabarani la Uingereza la mwaka 1959 herufi kubwa za David Kindersley, zenye vikono kwenye ncha, zilishinda kidogo kwa kusomeka. Tatizo ni upana. Jina la herufi kumi kwa herufi kubwa hula kibao, na fundi hulipunguza kimo ili litoshe. Hapo faida yote imekwisha. Kwa majina marefu kama yetu, herufi kubwa moja mwanzoni na ndogo zinazofuata ndiyo njia ya busara.

Jaribio lile halikuhitaji maabara kubwa. Watu walikaa kwenye jukwaa katika uwanja wa ndege, gari likaja mbele yao likiwa limebeba vibao juu, wakasema walipoanza kusoma. Jambo hilo linawezekana Tabora kwa siku moja, kwa kutumia madereva wa mabasi, wanafunzi na wazee, na majina kama Ipole, Ipuli, Ilolangulu, Ulyankulu na Ng'ambo. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma. Kila stesheni itataka jina lake ukutani na mishale ya kuwaelekeza abiria. Shirika la Reli, TANROADS na manispaa wafanye jaribio hilo kabla zabuni za vibao hazijasainiwa.