Mchumi Ajifunze Kusoma Mizania

Mwanafunzi wa uchumi anayetamani kazi za fedha kwa kawaida huiwazia benki, na ndani ya benki hiyo huwazia kukaa dirishani au kuwa afisa mikopo. Nafasi hizo zipo, ila hazidai sana yale aliyoyasomea. Kwa hapa Tanzania, zinazoyadai ziko kwingineko: idara ya hazina ya benki, inayonunua na kuuza dhamana za serikali na fedha za kigeni, mifuko ya hifadhi ya jamii kama NSSF na PSSSF, inayowekeza leo michango ya kulipia pensheni za miaka mingi ijayo, UTT AMIS na mifuko yake ya uwekezaji wa pamoja, na wasimamizi wa sekta, yaani Benki Kuu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na TIRA kwa upande wa bima. Kote huko mchumi hufika na nusu ya ujuzi unaotakiwa. Nusu ya pili anaweza kuipata kabla hajahitimu.

Nusu aliyo nayo si haba. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuendesha sera ya fedha kwa kutangaza riba yake. Ilianza na asilimia 5.5, na Aprili ikaipandisha hadi 6. Aliyesoma uchumi anaelewa sababu za uamuzi wa namna hiyo. Kazini ataulizwa jambo la ziada: bei itakuwaje? Tuchukue hatifungani ya shilingi 100, yenye riba ya asilimia 12, iliyobakiza mwaka mmoja. Mwenye nayo atalipwa shilingi 112. Wawekezaji wakianza kudai faida ya asilimia 14, hakuna atakayeinunua tena kwa 100, kwa sababu 112 ukigawa kwa 1.14 unapata 98.25. Hatifungani ya miaka 25 itashuka zaidi sana kwa badiliko hilohilo.

Nusu inayopungua ni kusoma hesabu za taasisi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 53. Mchumi ataona haraka kwamba bei za maji huidhinishwa na EWURA, hivyo mamlaka haiwezi kuzipandisha itakavyo. Lakini je, makusanyo ya ankara yanatosha kulipa riba hiyo? Jibu limo kwenye mizania na taarifa ya mtiririko wa fedha, kurasa ambazo mwanafunzi wa uchumi aweza kuhitimu bila kuzifungua.

Wapo watakaouliza kwa nini basi mtu asisome uhasibu tangu mwanzo. Hesabu zilizokaguliwa hueleza yaliyokwisha kutokea. Anayekopesha kwa miaka 10 anahitaji pia kupima mfumuko wa bei, sera na mahitaji ya watu huko mbele. Wengine watasema nafasi ni chache na kujuana ndiko kunakoamua. Ni kweli soko letu ni dogo: Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998 na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa ni chache. Kujuana nako kupo. Lakini uchache huo ndio unaomnufaisha aliyejiandaa, maana katika usaili wenye shahada za kufanana huwa wengi, na mwenye uchambuzi alioufanya mwenyewe hutofautika upesi.

Mitihani ya CPA chini ya NBAA, au ya CFA yenye ngazi tatu, ina thamani yake, ila ni ghali na inaweza kusubiri. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ushauri wangu ni huu: chagua kampuni moja iliyoorodheshwa, soma ripoti zake za mwaka za miaka mitatu, kisha andika kurasa mbili ukieleza kama ungeikopesha na kwa riba gani. Ziambatanishe na barua yako ya kuomba mafunzo kwa vitendo.