BREKI KWANZA, KLACHI BAADAYE

Ndugu msomaji, huenda wewe ni dereva, unajifunza udereva, au ni abiria tu wa kwenda gulioni. Somo la leo linawahusu wote. Tutaeleza jinsi ya kutumia klachi wakati wa kusimamisha gari.

Klachi ni nini?

Injini ikiwaka huzunguka wakati wote. Klachi ndiyo inayoiunganisha na magurudumu, au kuitenganisha nayo. Bananisha viganja vyako viwili, kisha zungusha kimoja. Cha pili kitafuata. Sasa viachanishe. Cha pili kitabaki kimesimama. Klachi nayo ni hivyo hivyo. Usipoikanyaga, sahani zake zimebanana. Ukiikanyaga, zinaachana.

Kosa la madereva wengi

Mtu akitaka kusimama, kwanza anakanyaga klachi. Anaogopa injini itazima. Lakini hapo injini haisaidii tena kulizuia gari. Kazi yote imebakia kwa breki.

Fanya hivi:

1. Tazama kioo, ujue nani yuko nyuma.
2. Toa mguu kwenye mafuta.
3. Kanyaga breki taratibu. Klachi iache kwanza.
4. Gari likikaribia kusimama na injini ikitaka kutetemeka, kanyaga klachi mpaka chini.
5. Gari likisimama, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha achia klachi.

Mtoto akikatiza barabara ghafla, kanyaga breki kwa nguvu na klachi pamoja. Injini ikizima si neno. Mtoto apone.

Usipumzishe mguu juu ya klachi ukiwa safarini. Sahani zitateleza na kuungua. Kuzibadilisha ni gharama, maana gia boksi lazima ishushwe.

Mteremkoni

Hatari kubwa iko milimani, kama Kitonga mkoani Iringa, au barabara ya kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Wapo madereva wanaoteremka na gia huru, yaani frii. Wanasema wanaokoa mafuta. Jamani, hii ni hatari! Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto. Zikizidi moto, hazishiki tena. Na gari likienda kilomita 60 kwa saa, hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Utaruka saa ngapi?

Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Injini italishika gari, na breki zitapumzika. Tena magari mengi ya siku hizi hukata mafuta yenyewe yakiteremka na gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Basi frii haikuokolei kitu.

Kazi ya abiria

Ukisikia injini imetulia mteremkoni huku gari linazidi mbio, usinyamaze kwa haya. Sema, "Ndugu dereva, tunakuomba utie gia." Udereva ni wake, lakini roho ni zenu wote.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tusikanyage klachi mapema?
2. Breki zikipata moto sana, hutokea nini?
3. Abiria wa kijiji chetu wafanye nini wakimwona dereva anateremka na frii?