Rubani wa kweli ni yule ajuaye kukataa kuruka

MUULIZE mtoto wa shule ya msingi angependa kufanya kazi gani atakapokuwa mkubwa, na hutangoja sana kabla ya kulisikia jibu hili: rubani. Muulize sababu, naye atakutajia kofia, shati jeupe lenye mistari mabegani, na miji ya mbali ambayo babake huisikia tu kwenye taarifa ya habari. Mzazi naye hujawa na fahari. Ni nani asiyependa kunyosha kidole angani na kuwaambia majirani, "Huyo anayepita ni wetu"?

Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza rubani hulipwa mshahara ule mnono kwa kazi gani hasa?

Wengi wetu tutajibu kwamba hulipwa kwa kurusha ndege. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu tu ya ukweli. Kurusha ndege ni ufundi, na ufundi hufunzika. Kwa kanuni za kimataifa, mwanafunzi aweza kupata leseni ya kuruka kwa shughuli zake za kibinafsi baada ya saa 40 tu angani. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa hata senti moja. Rubani wa kazi ni mtu mwingine. Yeye hubeba roho za watu wasiomjua, na hulipwa ili aamue kwa niaba yao. Na uamuzi mgumu kuliko yote katika kazi hiyo ni kusema: "Leo hatuendi."

Ujuzi wa kale

Neno rubani si geni Pwani. Tangu zamani, kabla ya ndege ya kwanza kuruka mwaka wa 1903, rubani alikuwa mtu wa baharini. Ndiye aliyejua milango ya miamba na mikondo ya maji, na ndiye aliyeviongoza vyombo kuingia bandarini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, hakuvuka bahari kwenda Bara Hindi kwa ujasiri wake pekee. Ilibidi apate rubani aliyeijua njia.

Hadi leo, meli kubwa ikija Kilindini huongozwa na rubani wa bandari, hata kama nahodha wake ameizunguka dunia nzima. Thamani ya mtu huyo haiko katika nguvu za kushika usukani. Iko katika kujua pasipopitika. Rubani wa angani amerithi jina hilo pamoja na mzigo wake.

Mtihani usiokwisha

Safari ya kuufikia mzigo huo ni ndefu. Ili apate leseni ya kufanya kazi ya kulipwa, kijana sharti awe ametimiza umri wa miaka 18 na awe na takriban saa 200 za kuruka. Chuo kilichoidhinishwa chaweza kumfikisha hapo kwa saa 150. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai umri wa miaka 21 na saa 1,500. Isitoshe, tangu mwaka wa 2008 rubani wa safari za kimataifa hupimwa pia kama anaelewa na kuzungumza Kiingereza sawasawa, maana kutoelewana na mnara kwaweza kuua.

Hata akishaajiriwa, hapumziki. Rubani wa shirika la ndege hupimwa afya kila mwaka, na akipita umri wa miaka 60, kila miezi sita. Mara mbili kwa mwaka hutahiniwa, mara nyingi katika mtambo unaoiga safari, ambamo mtahini humwashia moto injini, humzimia umeme na kumletea ukungu, ili aone atafanya nini. Akishindwa, hapandi ndege mpaka afunzwe upya na kufaulu. Akitimiza umri wa miaka 65, safari za kimataifa za kubeba abiria hufikia kikomo. Ni kazi gani nyingine unayoijua, msomaji, ambayo mtu hutahiniwa mara mbili kwa mwaka mpaka siku ya kustaafu?

Jiweke katika kiti chake

Chukua mfano huu. Tuseme wewe ndiwe rubani wa ndege ndogo katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Ni saa saba mchana na jua limewaka. Una watalii wa kwenda Maasai Mara. Kila mmoja aliambiwa abebe mzigo usiozidi kilo 15, lakini wawili wamekuja na masanduku mazito, nao wamelipa pesa nyingi. Kiwanja mnachokwenda ni cha changarawe, na umeambiwa mvua ilinyesha huko asubuhi.

Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Mabawa hupata hewa haba ya kuyainua, na injini pia hupungukiwa na nguvu. Ndege ambayo ingepaa mara moja ikiwa Mombasa alfajiri, hapo Nairobi mchana huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka, kisha hupanda polepole.

Umepiga hesabu ya uzito na hesabu imekataa. Abiria wanatazama saa zao. Mwenye ndege anapiga simu kuuliza kwa nini hamjaondoka. Rubani mwenzako anakwambia jana aliruka na mzigo kama huo na hakuna lililotokea. Utafanya nini?

Rubani wa kazi huteremsha masanduku. Abiria watanuna, mwenye ndege atafoka, na hakuna atakayekushukuru, kwa sababu ajali iliyozuiwa haiandikwi gazetini. Hapo ndipo mshahara wa mwezi mzima huhalalishwa, nayo ndege haijasogea hata hatua moja.

Je, ajali haina kinga?

Sisi tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Watu wa ndege wameukataa msemo huo. Kila ajali huchunguzwa kwa miezi, na pengine kwa miaka, ili ijulikane ni wapi kinga ilipokosekana. Mara nyingi hupatikana kwamba palikuwa na mahali ambapo mtu mmoja angesema "hapana", na hakusema au hakusikizwa.

Mnamo Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Canary. Watu 583 walikufa. Ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ya KLM ilikuwa imechelewa, na saa za kazi zilizoruhusiwa kwa marubani wake zilikuwa zikielekea kwisha. Kapteni, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafunza wenzake, alianza kuondoka bila idhini ya mnara. Mhandisi aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Kapteni alijibu kwa mkato kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Haikuwa imetoka.

Nasi Wakenya tuna jeraha letu. Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737 iliondoka Douala, Cameroon, baada ya kucheleweshwa na dhoruba, nayo ikaondoka bila idhini ya mnara. Muda mfupi baadaye ilianguka katika kinamasi, na watu wote 114 waliokuwamo wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba ndege ilianza kuinamia upande wa kulia polepole gizani bila marubani kutambua, kwa kuwa vyombo vya mbele yao havikuwa vikiangaliwa. Palikuwa na mkanganyiko kuhusu mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, na ushirikiano baina ya marubani wawili ulikuwa duni.

Kutokana na misiba ya aina hii, mafunzo yamebadilika. Siku hizi rubani msaidizi hufunzwa kumkosoa kapteni, na kapteni hufunzwa kusikiliza. Kwetu sisi tuliolelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, somo hilo si jepesi. Lakini hewani heshima ya kunyamaza imeua wengi. Kuuliza si ujinga.

Tazama sasa upande wa pili. Januari 15, 2009, bukini wa mwituni waligonga ndege ya US Airways dakika chache baada ya kupaa kutoka New York, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Mwelekezi wa safari za ndege alimpa kapteni Chesley Sullenberger njia ya kurudi uwanjani. Alijibu kwamba haiwezekani. Alitajiwa uwanja mwingine wa karibu. Akajibu tena kwamba haiwezekani. Angejaribu, huenda angeangukia nyumba za watu. Aliishusha ndege katika mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka. Alikuwa na uzoefu wa takriban saa 20,000 angani, na zote zilihitajika katika zile dakika tatu unusu.

Kabla ya kuuza shamba

Mzazi, huenda unayasoma haya ukiwa na binti au mvulana anayetaka njia hii, na karo yake ni mamilioni ya shilingi. Wapo waliouza mashamba. Kabla hujafika huko, mpeleke mtoto kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, apimwe macho, masikio, moyo na uwezo wa kutofautisha rangi. Kuvaa miwani pekee si kizuizi, lakini yapo maradhi yanayoufunga mlango, na ni heri uyajue kabla ya kulipa kuliko baadaye. Hakikisha pia kwamba chuo kina kibali cha mamlaka hiyo.

Jua vilevile kwamba leseni si barua ya ajira. Wengi wakimaliza zile saa 200 hutembea na bahasha kwa miaka, au hufunza wengine ili wajiongezee saa. Mwaka wa 2020, safari ziliposimama duniani kwa sababu ya korona, hata makapteni wa miaka mingi walijikuta nyumbani. Ni kazi ya subira. Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, aliingia katika shirika hilo katika miaka ya 1990. Alipokuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kufikia cheo cha kapteni wa Boeing 787, ulikuwa mwaka wa 2014. Hesabu mwenyewe.

Na ikiwa umeolewa na rubani au umemwoa, wewe nawe una kazi. Atakosa Krismasi, mazishi na siku ya wazazi shuleni. Asubuhi nyingine ataamka na mafua, au hakulala kwa sababu mtoto alikesha akilia, na sheria inamtaka aseme hafai kuruka siku hiyo. Akikuta nyumbani anaonekana mvivu au anakumbushwa madeni, atavaa shati na kwenda. Watu asiowajua wataketi nyuma yake wakidhani yuko timamu.

Kwa hiyo usimpime mwanao kwa ujasiri wa kupanda miti mirefu. Mtazame akikosea: je, hukubali kosa au hulificha? Mtazame akiwa na wakubwa: je, aweza kusema "hapana" kwa adabu na asiyumbe? Hayo ndiyo yatakayotafutwa kwake siku atakapokabidhiwa abiria.

Na wewe uliye abiria, siku utakapotangaziwa kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, kabla hujaanza kumfokea yule msichana wa kaunta, kumbuka kwamba mahali fulani kuna mtu ambaye amemkatalia mwajiri wake kwa ajili yako. Agiza chai, ungoje.