Hazina Isiyochimbwa

Likizo ya shule inapokaribia, kina mama huulizana: tuwapeleke wapi watoto hata waache kuinamia simu? Upo mchezo unaotumia simu hiyo hiyo kuwatoa nje. Huitwa jiokashingi, yaani kusaka hazina kwa kuongozwa na setilaiti, na ulianza Marekani mwezi wa Mei 2000. Mtu huficha kisanduku chenye daftari, huwatangazia wenziwe mahali kilipo, nao hukitafuta, huandika majina yao na kukirudisha.

Mchezo huu ni mwema, ila wakati mwingine huwafikisha wachezaji mavani. Hapo sisi wazazi tuna neno la kusema kabla watoto hawajapita langoni.

Tuchukue mfano wa makaburi ya kale mjini Nyeri. Hapo amezikwa Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza aliyeongoza ulinzi wa mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa kwa siku 217 kati ya 1899 na 1900. Baadaye, mwaka 1907, alianzisha Skauti, ambayo baadhi ya watoto wetu wamo. Alimalizia umri wake Nyeri, akafa tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia za skauti, maana yake ni kuwa mwenyewe amekwenda nyumbani.

Hiyo ndiyo hazina, nayo yasomwa kwa macho tu. Kanuni za mchezo zinakataza kuchimba ardhi ili kuficha kitu. Tena ziko hazina zisizo na kisanduku, ambapo mchezaji husoma maandishi na kujibu suali. Namna hii ndiyo ifaayo makaburini.

Huenda mtu akauliza: kaburi la asiye Mwislamu latuhusu nini? Mtume wetu (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliwakumbusha masahaba kuwa hiyo nayo ni nafsi. Vile vile alikataza kukaa juu ya makaburi. Basi tuwausie wana wetu waombe ruhusa kwa msimamizi, wafuate njia, wasiruke makaburi wala kugusa mawe, na wapunguze sauti. Wakikuta watu wanazika, waondoke, warudi siku nyingine.

Na wakishasoma jina hilo moja, tuwaulize: ni wangapi waliokufa vitani bila jiwe? Hapa Mombasa, sanamu za askari katika Barabara ya Jomo Kenyatta ni ukumbusho wa Waafrika waliotumikia Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Mkirudi nyumbani jioni, waulizeni wazee kama yuko babu aliyechukuliwa vitani asirudi. Likipatikana jina lake, mtoto na aliandike daftarini, nanyi nyote mumwombee rehema.