Grafeni na Kitandiko Chake

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibandika selotepu kwenye kinywe, yale madini meusi yatiwayo ndani ya penseli, wakaibandua, wakarudia tena na tena mpaka wakapata utando wenye unene wa atomi moja. Utando huo ndio grafeni, na kazi hiyo iliwapa Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Kitu chembamba kiasi hicho hakina budi kulazwa juu ya kingine. Wao waliulaza kwenye bamba la silikoni lililofunikwa kwa oksidi ya silikoni ya nanomita 300 hivi, kwa sababu juu ya unene huo grafeni huonekana kwa hadubini ya kawaida.

Macho yalifaidi, umeme ukaumia. Oksidi hiyo ina vilima na mabonde madogo mno, na ndani yake zimenaswa chaji zinazozipotosha njia elektroni zipitazo juu. Ni sawa na kutandika mkeka juu ya changarawe: mkeka mzima, lakini aliyelala hapati usingizi. Isitoshe, joto huzitikisa atomi za oksidi, na mtikiso huo huifikia grafeni.

Mwaka 2008 kundi la Michael Fuhrer, Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, lilipima nani mwenye lawama. Katika joto la chumba, mtikiso wa grafeni yenyewe huleta ukinzani wa omu 30 tu. Kama ungekuwa huo peke yake, wepesi wa elektroni kusogea ungefika sentimita za mraba 200,000 kwa volti kwa sekunde. Mtikiso wa oksidi iliyo chini unaushusha hadi 40,000 hivi, na chaji zilizonaswa huushusha zaidi.

Dawa ya kwanza ilikuwa kukiondoa kitandiko. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliiyeyusha oksidi kwa asidi, grafeni ikabaki inaning'inia. Umeme ulipita vizuri ajabu, ila utando usio na kitu chini ni dhaifu mno kuundia vifaa.

Jibu lililodumu lilikuja mwaka 2010, pia Columbia: fuwele ya boroni nitraidi. Ni laini, haina chaji nyingi zilizonaswa, na mpangilio wa atomi zake unakaribiana sana na wa grafeni. Wepesi wa elektroni ulipanda karibu mara kumi kuliko juu ya oksidi. Fuwele zenyewe zilitoka Tsukuba, Japani, kwa Kenji Watanabe na Takashi Taniguchi, na maabara nyingi duniani zimeendelea kuzitegemea fuwele za wawili hao.